Mpira Unaorudi Nyuma na Ada ya Shule

Katika mchezo wa gofu lipo pigo moja linalomshangaza mtazamaji kuliko mengine yote. Mchezaji husimama umbali wa hatua themanini kutoka shimoni, akaupiga mpira kwa fimbo fupi. Mpira hupaa, hushuka ng'ambo ya shimo, huruka mara moja, halafu, kana kwamba umeitwa kwa jina, hurudi nyuma kuelekea kwa yule aliyeupiga. Watazamaji hupiga makofi. Vijana wanaobeba mifuko ya wachezaji, ambao sisi huwaita makedi, hupiga miluzi. Nimeliona pigo hilo kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini, tangu nilipokuwa kedi mdogo wa miguu mitupu kule Entebbe mwanzoni mwa miaka ya 1970, hadi nilipostaafu kazi ya polisi mwaka 2021, na hata leo nikiliona husimama nikatazama.

Huenda msomaji akauliza: mchezo wa mabwana wenye magari unahusu nini kurasa za nyumbani, zinazosomwa na askari, polisi na jamaa zao? Ninayo majibu mawili. La kwanza ni kwamba mchezo huu umekaa karibu nasi kuliko tunavyodhani. Uwanja wa Entebbe ulianzishwa mwaka 1901, na tangu hapo watoto wa majirani ndio waliobeba mifuko, wakajifunza kwa macho, na wengine wao wakaja kuwa wachezaji hodari kuliko wale waliowabebea. Kwa jirani zetu wa Tanzania jeshi lenyewe lina uwanja wake wa gofu pale Lugalo, Dar es Salaam. Kwa hiyo askari na fimbo ya gofu si watu wa mbali.

Jibu la pili ni la nyumbani zaidi. Pigo hilo la mpira unaorudi nyuma liliigharimu familia ya dada yangu ada ya shule ya muhula mzima.

Shemeji yangu ni mwanajeshi. Mwaka 2018 alikuwa Mogadishu pamoja na majeshi ya kulinda amani, ambako askari wa Uganda walitangulia kufika mwezi wa Machi mwaka 2007. Fedha za ada zilitoka huko, na kila mke wa askari anajua fedha za namna hiyo huhesabiwa kwa namna gani: si kwa shilingi tu, bali kwa usiku ambao simu haikulia. Mwanawe wa kwanza, mpwa wangu, alikuwa na miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu, na siku za Jumamosi alikuwa akibeba mifuko uwanjani ili apate fedha za madaftari. Alikuwa na mkono mzuri. Hilo nililiona mapema, na mama yake alilijua.

Jumamosi moja, baada ya mvua kubwa, mchezaji mmoja mwenye moyo wa ukarimu alimpa mpira mzuri na fimbo, akamwambia ajaribu pigo moja. Kijana aliupiga kutoka hatua themanini. Mpira ulidondoka nyuma ya shimo na kurudi hatua tatu nzima. Makedi wote walishuhudia. Kesho yake jioni, wachezaji walipokwisha kwenda zao, wenzake walimwita kwenye eneo la shimo la mwisho, ule uwanja mdogo wa nyasi fupi uitwao grini, wakamwambia alirudie tena, kwa fedha. Wakamfanyia hisani ya kumsogeza karibu: si hatua themanini tena, bali thelathini. Mpira walimpa wao. Mfukoni alikuwa na ada aliyopaswa kuipeleka benki Jumatatu asubuhi. Alipiga mara tatu. Mara zote tatu mpira ulidondoka vizuri, ukaendelea mbele, wala haukurudi hata upana wa kidole.

Jumatatu dada yangu alikuja kwangu akiwa na mwanawe nyuma yake. Hakuwa na machozi. Alikuwa na ile sauti ya chini ambayo huniogopesha zaidi. Aliniambia, "Kaka, nisaidie tulipe kabla baba yake hajajua." Nilimjibu kwamba kama ni chakula cha watoto kimepungua, nyumba yangu iko wazi, lakini fedha iliyotoka Mogadishu ina mwenyewe, na mwenyewe ajulishwe na yule aliyeipoteza. Dada hakuongea nami siku mbili. Siku ya tatu kijana alimpigia baba yake simu, mama yake akiwa amesimama pembeni. Shemeji alinyamaza kwa muda mrefu hata wakadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nakuja likizo mwezi wa nane. Nitakapofika, nataka nikute umeirudisha." Hakuongeza neno.

Mwalimu mkuu alikubali ada ilipwe kidogo kidogo. Mpwa wangu akabeba mifuko kila Jumamosi na kila Jumapili, na fedha zote zikapita mkononi mwa mama yake. Lakini jambo moja lilikuwa likimla moyo kuliko deni. Jioni moja aliniuliza, "Mjomba, Jumamosi ulirudi. Jumapili nilikuwa karibu zaidi. Kwa nini haukurudi?"

Niliona kwamba kijana huyu asipojibiwa swali hilo barabara, atakwenda tena kujaribu kwa fedha za mtu. Kwa hiyo nilianza kumfundisha, na haya ndiyo niliyomfundisha.

Kila mpira unaopigwa sawasawa kwa fimbo yenye uso uliolala huondoka ukizunguka kinyumenyume. Upande wake wa juu huzunguka kuelekea kwa mpigaji, na upande wake wa chini huzunguka kuelekea mbele. Mzunguko huo wachezaji huuita bakispini. Si uchawi wa mabingwa. Kila mchezaji anao, kwa wingi au kwa uchache. Mitambo ya siku hizi hupima jambo hili: mpira wa mwanamume mcheza gofu wa kulipwa, akitumia fimbo kubwa ya kuanzia, huzunguka kama mara 2,600 kwa dakika, akitumia fimbo fupi kwa nguvu zake zote, mpira huohuo huzunguka zaidi ya mara 9,000. Unapogusa chini, ule upande wa chini unaokimbilia mbele husuguana na nyasi, na nyasi huusukuma mpira kurudi nyuma. Mzunguko ukiwa mdogo, mpira hupunguza mwendo tu. Ukiwa wa kutosha, husimama. Ukiwa mwingi sana, na ardhi ikiwa laini, hurudi.

Mzunguko huu una kazi nyingine hewani. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa Profesa Peter Guthrie Tait wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, alionyesha kwa hesabu na majaribio kwamba bakispini ndiyo inayoubeba mpira: mpira unaozunguka hivyo husukuma hewa kwenda chini, na hewa huujibu kwa kuusukuma juu. Profesa huyo alikuwa na mwana, Freddie, aliyekuwa ofisa wa jeshi na bingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1896 na 1898. Aliuawa katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini mwaka 1900. Nilimweleza mpwa wangu habari hiyo kwa sababu ni mtoto wa askari, akaisikiliza kwa makini kuliko hesabu.

Mzunguko hutokana na mambo manne, na yote manne ni ya kweli mahali popote, Entebbe au Edinburgh.

La kwanza ni kuupiga mpira kwanza, ardhi baadaye. Wanaoanza hudhani kwamba ili mpira upande juu lazima wauchote kwa chini, kama mtu achotaye maji kwa kata. Hilo ni kosa kubwa. Uso wa fimbo umelala tayari. Kazi ya kuupandisha mpira ni yake. Kazi ya mpigaji ni kushuka: mpira ukae katikati ya miguu, uzito uegemee mguu wa mbele, mikono itangulie mpira kidogo tu, na fimbo iguse mpira ikiwa bado inashuka, kisha ikwangue nyasi mbele yake.

La pili ni usafi. Kati ya uso wa fimbo na mpira pasiingie kitu: si maji, si tope, si majani. Kitu hicho kikiingia, mpira huteleza usoni badala ya kushikwa, ukatoka na mzunguko mdogo na kukimbia mbali kuliko ulivyokusudia. Hapa askari wengi hukosea kwa sababu ya kazi yao. Wakiiona ile mifereji midogo iliyochongwa usoni mwa fimbo hudhani inafanya kazi kama mifereji iliyo ndani ya mtutu wa bunduki, ambayo huizungusha risasi. Sivyo. Mifereji ya fimbo inafanana zaidi na meno ya tairi la gari wakati wa mvua: huyapa maji na majani mahali pa kukimbilia, ili chuma kiushike mpira. Pakiwa pakavu na safi, kazi yake ni ndogo. Hata hivyo wakubwa wa mchezo wameiangalia kwa jicho kali. Mwaka 1921 Jock Hutchison, mzaliwa wa St Andrews aliyehamia Marekani, alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza katika mji wake huohuo kwa kutumia fimbo zenye mifereji mipana, na baada ya hapo fimbo za namna hiyo zikapigwa marufuku. Kanuni zilizoanza mwaka 2010 nazo zilipunguza ukubwa wa mifereji ya fimbo mpya na ukali wa kingo zake.

La tatu ni mpira wenyewe. Kwa kanuni, mpira usizidi gramu 45.93, na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, lakini ganda lake laweza kuwa laini au gumu. Enzi zangu za ukedi mabwana walichezea mipira ya balata, yenye ganda laini ambalo likipigwa vibaya lilikatika kama embe bivu. Ganda laini hushikwa na uso wa fimbo fupi. Ganda gumu hudumu, halikatiki, tena bei yake ni nafuu, ila kwenye pigo fupi huteleza.

La nne ni mwendo wa fimbo. Hili ndilo lililomwangusha mpwa wangu. Mzunguko mwingi huhitaji fimbo iende kasi, na fimbo haiwezi kwenda kasi mtu anapopiga hatua thelathini tu, maana ikienda kasi mpira utavuka grini na kupotelea vichakani. Kwa hiyo aliye karibu ndiye mwenye mzunguko mdogo zaidi. Walipomsogeza mbele, walimpokonya nguvu ya kuurudisha mpira, naye akaona wamemhurumia.

Nilipomaliza kumweleza hayo, aliyahesabu kwa vidole. Jumamosi: umbali mrefu, mpira laini, ardhi iliyolainishwa na mvua. Jumapili: umbali mfupi, mpira mgumu wa makedi, na grini iliyokaushwa kutwa nzima na jua na upepo wa ziwani. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mjomba, hata ningepiga mara mia." Nikamwambia, ndiyo, hata mara mia.

Baada ya hapo tukaanza mazoezi. Hatukuwa na uwanja; tulikuwa na nafasi iliyo kati ya nyumba za kambi, mahali pa kuanikia nguo. Kwa faida ya wasomaji walio na kijana mwenye fimbo moja kuukuu, nieleze tulivyofanya.

Kila jioni dada aliporuhusu, tulichukua majivu ya jikoni tukachora mstari chini. Kwanza kijana alipiga bila mpira, na alama ya fimbo ilipaswa kuanza kwenye mstari au mbele yake, isianze nyuma hata mara moja. Siku za mwanzo alama zake nyingi zilikuwa nyuma, kwa sababu alikuwa akichota. Wiki ya tatu zilikuwa mbele. Ndipo tulipouweka mpira juu ya mstari. Kila baada ya pigo alifuta uso wa fimbo kwa kitambaa kibichi, kama askari asafishavyo silaha yake baada ya kulenga shabaha.

Kisha tulitandaza shuka kuukuu hatua kumi na tano mbele, na kazi yake ikawa kudondosha mpira juu ya shuka. Sikumruhusu kutazama mpira unaishia wapi mpaka aseme kwanza umedondokea wapi. Watu wengi hutazama mwisho wa safari tu. Anayetaka kuutawala mpira mfupi huanza kwa kutawala mahali unapogusa chini, kwa maana hapo ndipo mzunguko unapofanya kazi. Alipiga kwa namna mbili: juu, ukishuka wima na kusimama kwa sababu ya kushuka, na chini, mikono ikitangulia, mpira ukiruka mara moja, ukishika breki, kisha ukijongea polepole na kutulia. Hilo la pili halipigiwi makofi. Lakini kwa hatua thelathini kwenda chini ndilo la kutegemewa, kwa sababu halitegemei mvua wala umbali mrefu. Linahitaji tu uso safi na mguso safi.

Nilimwonya pia juu ya tamaa ya kutumia fimbo iliyolala kupita kiasi. Uso ukilala mno, mpira hupanda juu ya uso kwa kuteleza, na mzunguko hupungua badala ya kuongezeka.

Shemeji alifika mwezi wa nane, amekonda, jua la Somalia limemchoma uso. Alipumzika siku mbili. Ada ilikuwa imerudishwa yote isipokuwa sehemu ndogo, naye akaambiwa hivyo bila kufichwa. Siku ya tatu alimwambia mwanawe, "Nataka kuliona hilo pigo lililokula fedha zangu." Tuliomba ruhusa, tukaenda uwanjani siku isiyo na wachezaji wengi. Dada naye alikuja, ambaye tangu azaliwe hakupata kukanyaga nyasi zile.

Kijana alisimama hatua thelathini kutoka shimoni, mahali palepale. Alikuwa na mipira kumi, migumu na laini kwa mchanganyiko. Baba yake alisimama kando ya grini, mikono nyuma, kama msimamizi wa shabaha. Mpira wa kwanza ulidondoka, ukaruka, ukashika, ukatulia hatua mbili kutoka shimoni. Wa pili ulikuwa mgumu, ukapitiliza. Wa tatu, wa nne, wa tano. Walipomaliza, shemeji alipima kila mmoja kwa hatua zake mwenyewe, tena kwa sauti. Sita ilikuwa ndani ya hatua mbili. Mitatu ndani ya nne. Mmoja, ule wa pili, ulikuwa mbali. Hakuna hata mmoja uliorudi nyuma.

Shemeji alimgeukia mwanawe akauliza, "Na ule unaorudi uko wapi?"

Kijana akajibu, "Baba, kutoka hapa haurudi. Ukitaka urudi, lazima twende kule mbali, tuwe na mpira laini, na mvua inyeshe kwanza."

Baba yake alimtazama kwa muda. Halafu akaanza kuiokota mipira, mmoja mmoja, akaitia kofiani. "Basi hilo jibu," akasema, "ndilo nililolilipia." Dada yangu alicheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ile Jumatatu.

Sisemi kwamba kila fedha inayopotea hurudi ikiwa elimu. Mara nyingi hupotea tu. Wazazi tunaoishi karibu na viwanja, iwe vya gofu, vya mpira au vya mchezo wowote, tujue kwamba jioni wachezaji wakiondoka huanza mchezo mwingine, na katika huo watoto wetu ndio wanaowekewa umbali na kuchaguliwa mpira. Kumkataza kijana kwa maneno hakutoshi. Heri afahamu kazi ya kitu mpaka mwisho wake, hata aweze kusema mbele ya wenzake wanaomshangilia, "Kutoka hapa haiwezekani," na kuondoka na fedha zake mfukoni.

Sehemu ya ada iliyobaki ililipwa mwezi wa kumi. Tangu hapo dada huenda benki mwenyewe. Mpwa wangu alimaliza masomo yake, na akipata nafasi hucheza, kwa fimbo ileile. Pale kambini kwenye kamba za nguo mstari wa majivu bado huchorwa jioni, kwa mikono ya watoto wa majirani, na wakati mwingine shuka za watu hupata alama ambazo hakuna anayekiri kuzifanya.